Kumfundisha dada wa kazi namna ya kukabili kifafa cha mtoto

Mama, kumwachia dada mtoto mwenye kifafa ukienda kazini kunatisha, lakini anafundishika. Afanye mazoezi mtoto akiwa mzima: asogeze jiko la mkaa, aangalie saa, kitambaa laini chini ya kichwa, mtoto alale ubavu ili mate yatoke. Asimkandamize. Kijiko mdomoni marufuku! Meno huvunjika, na ulimi haumezwi, huo ni uzushi tu. Asimpe maji wala dawa ya kumeza mpaka azinduke kabisa. Degedege likizidi dakika 5, likijirudia kabla hajazinduka, au asipopumua vizuri, hospitali mara moja. Kwa foleni za Mbagala, namba ya dereva wa bajaji ibandikwe ukutani leo. Akiweza arekodi video, daktari ataihitaji.