Faili la SQLite la nyumba za wageni linajifunga: uhamie wapi?

Ndugu, nimekuelewa: nyumba tatu za wageni, mbili Shela na moja Langoni, huko Lamu, faili moja la SQLite (hifadhidata inayokaa yote ndani ya faili moja) kwenye folda ya pamoja, kompyuta tatu zinaandika, na kila mara unaambiwa hifadhidata imefungwa. Unauliza kama MongoDB, hifadhidata inayoweka rekodi kama nyaraka badala ya majedwali, itakufaa.

Kwa kazi hii ningechagua PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali inayoendeshwa na seva ambayo kompyuta zote huungana nayo. SQLite ni nzuri mno kwa kompyuta moja au simu, ila huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati, na kufuli za faili kupitia mtandao haziaminiki. Faili linaweza kuharibika kabisa. MongoDB hufaa zaidi pale kila rekodi ina umbo lake. Zako ni mgeni, chumba, tarehe na malipo, vitu vinavyotegemeana.

Faida kubwa ni hii: ndani ya PostgreSQL, hifadhi tarehe kwa aina ya daterange (kipindi cha kuanzia siku fulani hadi nyingine), washa kiendelezi cha btree_gist kinachowezesha chumba na kipindi kukaguliwa pamoja, kisha weka sharti la EXCLUDE, yaani la kukataa rekodi zinazogongana, kwa chumba na tarehe. Hata msimu wa Maulidi, wahudumu wawili hawataweza kuuza chumba kimoja usiku mmoja. Tumia mipaka ya '[)', yaani siku ya kwanza inahesabiwa na ya mwisho haihesabiwi, ili siku mgeni anapoondoka, mwingine aingie.

Umeme ukikatika ghafla? Usizime kamwe fsync, mpangilio unaohakikisha data imeandikwa kweli kwenye diski, hata ukiambiwa inaongeza kasi. Endesha pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutoa nakala rudufu, kila usiku, nakala ikae nje ya jengo, na ujaribu kuirejesha.

Kabla ya kuhama, endesha PRAGMA integrity_check, amri ya SQLite ya kukagua kama faili lako la sasa ni zima. Jibu lisipokuwa "ok", acha kuandika, nakili faili, umwite mtaalamu.