Upanga wa babu: Mreno au Mwomani?

Kaka, umeuliza kama upanga wa babu ni wa Kireno au wa Kiomani: huo si wa Kireno. Bapa lililonyooka, makali pande mbili, mpini wa mviringo usio na kikingio cha mkono: huo ni wa Kiomani, aina iliyoenea sana pwani karne ya 19, enzi za Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Mreno alitaka vyuma vya kukinga vidole. Mwomani alijikinga kwa ngao ndogo ya ngozi mkono wa pili. Ile chapa ya nusu mwezi kwenye bapa isikudanganye. Wahunzi wa Solingen, Ujerumani, waliipiga, na wengine wakaiiga, kwa hivyo haithibitishi tarehe wala mwenye upanga.

Kutu usiitoe kwa msasa wala ndimu, utaifuta chapa yenyewe. Tia mafuta ya cherehani, acha usiku kucha, sugua na pamba ya chuma laini kabisa kufuata urefu wa bapa. Mafuta ya nazi hapana, yanachacha. Na usiurudishe kwenye ala, yaani mfuko wake wa ngozi: ngozi hunywa unyevu, na kwa chumvi ya hewa ya Mombasa utaliwa ndani usione. Ala iweke kando.