Rimu na rangi za Corolla ya mzee

Ndugu, umeuliza kama Corolla AE100 ya baba yako uifunge rimu za inchi 17 na kuipiga rangi nyeusi isiyong'aa badala ya kijani chake cha kiwandani. Mimi nisingethubutu. Mzee anayekwenda shamba anahitaji tairi nene. Kwa inchi 17 tairi inakuwa nyembamba, kila shimo litamfika mgongoni. Tafuta rimu za inchi 14, matundu manne ya nati, PCD 100 (kipenyo cha duara linalopita kwenye matundu hayo, kwa milimita), uvalishe tairi za 175/65, yaani upana milimita 175 na kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo. Ukitaka mvuto zaidi, inchi 15 na 195/50: kipenyo cha gurudumu zima kinabaki karibu kilekile, spidomita haipotoshi.

Rangi mrudishie kijani hicho cha kiwandani, mzee alikichagua mwenyewe. Fundi akwangue kutu hadi bati safi kabla ya puti. Nyeusi ingekulazimu kubadilisha hata kadi ya gari, maana rangi imeandikwa humo.