Kuhamishia sakulenti kwenye chungu kipya: kwa anayeanza

Sakulenti ni mmea unaotunza maji kwenye shina na majani yake. Karibu kila anayeniletea iliyolegea huniuliza swali lile lile: nimwagilie mara ngapi kwa wiki? Siwezi kulijibu kabla sijaona udongo, chungu na dirisha. Kwa hiyo wewe unayeanza, liweke pembeni kwanza. Mmea wa jangwani ukifia ndani ya nyumba, mara nyingi mizizi yake imekosa hewa, na hewa imekosekana kwa sababu maji yamekaa mahali pake. Mengine yote ninayokueleza hapa yanatokana na hilo.

Chunguza udongo uliokuja na mmea. Miche mingi hukuzwa kwenye udongo mweusi wenye mboji tele, au kwenye pitimosi tupu, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu. Kitaluni, penye jua na upepo, udongo huo hukauka upesi. Sebuleni hukaa na unyevu siku nyingi. Pitimosi nayo ina tabia ya kukataa maji ikishakauka kabisa: unamwagilia, maji yanapita pembeni mwa chungu na kutokea chini, huku katikati pamebaki pakavu. Ukiona hivyo, panga kuuhamisha mmea.

Subiri udongo ukauke ndipo uutoe mmea. Minya chungu cha plastiki pande zote, kilaze, kisha uvute taratibu ukiwa umeshika shina karibu na udongo. Pukuta udongo wa zamani kwa vidole, halafu usogee kwenye mwanga na uitazame mizizi mmoja mmoja. Mzizi mzima ni mgumu, wa rangi nyeupe au kahawia hafifu. Uliooza ni mweusi na unateleza. Ukiuvuta, ganda linachomoka mkononi na kinabaki kiuzi chembamba. Huo ukate. Tumia wembe uliopanguswa kwa spiriti, na upanguse tena kila baada ya kukata. Tazama pale ulipokata: ukiona bado pana doa la kahawia katikati, kata tena juu yake mpaka ufike pasafi.

Sasa uache mmea kivulini, bila udongo, mpaka vidonda vikauke. Mizizi myembamba hutaka siku chache tu. Shina nene lililokatwa linaweza kuhitaji wiki au zaidi. Hapa wengi wanaoanza huingiwa na hofu na kuurudisha chunguni siku hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Mmea una akiba yake ya maji kwenye shina na majani, lakini kidonda kibichi kikikutana na udongo wenye maji kitaanza kuoza upya.

Vaa glovu kama unashughulikia adeniamu, ile wengi wanayoiita waridi la jangwani. Ni mmea wa kwetu, huota wenyewe kwenye nyika kavu za Afrika Mashariki, na utomvu wake una sumu inayodhuru moyo. Wawindaji wameutumia kwenye mishale. Mnyaa na jamaa zake nao wana utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni huunguza vibaya. Osha mikono na wembe, na watoto wasiwe karibu.

Kwa udongo mpya, mimi huchanganya sehemu 1 ya mboji iliyooza vizuri na sehemu 2 za punje ngumu. Punje ninazozipenda kuliko zote ni za pumisi, lile jiwe jepesi la kusugulia miguu. Ukiikosa, ponda matofali ya kuchoma yawe vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, uchekeche vumbi lote, uongeze chenga za mkaa na mchanga mnene wa mtoni uliooshwa. Mchanga laini huziba nafasi za hewa, na wa baharini una chumvi. Achana nayo yote miwili.

Utaambiwa uweke kokoto chini ya chungu ili maji yashuke. Ushauri huo umeenea sana, na unaharibu mimea. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishike ikiwa imelala mpaka iache kudondosha. Kisha isimamishe kwa upande wake mfupi. Itadondosha tena, ingawa hukuongeza maji. Udongo wa chunguni hufanya vivyo hivyo: chini kabisa hubaki tabaka lililoloa, lenye kimo kile kile chungu kiwe kirefu au kifupi. Ukijaza kokoto, tabaka hilo halishuki kuingia kwenye kokoto. Linakaa juu yake, karibu zaidi na mizizi. Jaza udongo wako mzuri kuanzia chini mpaka juu, na tundu lifunike kwa kipande cha chandarua.

Chungu kizidi mizizi kwa upana wa kidole kimoja au viwili tu. Cha udongo wa kuchoma ni bora kwa sababu nacho kinapitisha unyevu. Kisicho na tundu usikinunue, hata kikiwa kizuri vipi. Panda kwenye udongo mkavu, kaa wiki moja bila kumwagilia, kisha mwagilia kwa kushiba mpaka maji yatokee chini, na yaliyobaki kwenye kisahani yamwage. Baada ya hapo, chomeka kijiti cha mishikaki hadi chini. Kikitoka na unyevu au udongo umeganda, ngoja.

Kuhusu dirisha, maelezo mengi yameandikwa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini, ndiyo maana yanakuambia utafute la kusini. Dar es Salaam, jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, tena liko juu sana, kwa hiyo paa na varanda hulizuia. Dirisha la mashariki ndilo ninalolipendekeza, na la magharibi kama mmea umeshazoea ukali. Weka chungu karibu kabisa na kioo, na ukumbuke kwamba wavu wa mbu nao hupunguza mwanga. Mmea ukianza kurefuka na majani kuachana, mwanga hautoshi; usogeze kidogo kidogo kuelekea juani, maana ukiutoa ghafla utaungua.

Nairobi na Arusha, kuanzia Juni hadi Agosti, baridi na mawingu hufanya udongo uchelewe sana kukauka. Adeniamu inaweza kupukutisha majani yote wakati huo. Bonyeza shina: likiwa gumu, mmea umepumzika tu, na usiuongezee maji mpaka machipukizi yaanze kutoka.