Mpigaji bora wa kriketi Afrika Mashariki? Steve Tikolo

Umeuliza kama Afrika Mashariki imewahi kutoa mpigaji wa kriketi wa kiwango cha dunia. Ndiyo: Steve Tikolo wa Kenya. Kombe la Dunia la 1996, Sri Lanka walipata mikimbio (alama za kriketi) 398 pale Kandy, mji wa nchini mwao, mlima hasa, lakini Tikolo aliwajibu kwa 96. Sri Lanka hao ndio waliotwaa kombe mwaka huo! Mwaka 2003 alikuwa nahodha Kenya ilipofika nusu fainali, na dhidi ya India akafunga 56. Alicheza Kombe la Dunia mara 5, hadi 2011. Kinachoniuma ni kwamba Kenya haikupewa hadhi ya kucheza mechi za Test (zile ndefu za siku kadhaa kati ya mataifa), kwa hiyo kipaji chake hakikuonekana huko.