Maswali ya Wasomaji: Chenji ya Shilingi Moja

Swali: Hamjambo wahariri. Nina duka la kujihudumia, na bei zangu nyingi huishia na 9. Shilingi moja moja ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo makeshia hutoa peremende badala ya chenji. Wateja wananung'unika. Je, nisogeze bei hadi 5 au 10 iliyo karibu? *(Mwenye duka, Nakuru)*

Jibu: Wana haki ya kunung'unika. Mteja akirudi kesho na peremende tano akitaka kulipia mkate, utazipokea? Shilingi 1 haijafutwa Kenya; ile yenye twiga ilizinduliwa Desemba 2018 pamoja na za 5, 10 na 20. Anayedai chenji kamili apewe, kwa hiyo weka akiba kidogo kwenye droo.

Kwa wanaokubali, tumia utaratibu wa Kanada, iliyoacha kusambaza senti 1 Februari 2013. Piga jumla yote, kodi ikiwemo, kisha sogeza mara moja tu. Jumla ikiishia na 1 au 2, shuka hadi 0. 3 au 4, panda hadi 5. 6 au 7, rudi hadi 5. 8 au 9, panda hadi 10. Anayelipa kwa M-Pesa au kadi hahusiki: huyo alipe kiasi kilekile.

Wengi hukosea kwa kusogeza bei ya kila bidhaa. Pakiti tatu za 199 ni 597, mteja alipe 595. Ukisogeza kila pakiti atalipa 600, na hiyo 5 umemchukulia bure.

Hata ukifuata utaratibu huo, hizo 9 zako zina mtego. Anayenunua kitu kimoja anaongezewa shilingi 1, viwili 2. Wa vitatu anapunguziwa 2, wa vinne 1, wa vitano hakuna badiliko. Kwenye karatasi mizani imelala sawa. Lakini duka la mtaani wengi huingia kuchukua kitu kimoja au viwili, kwa hiyo wewe ndiye unayefaidi, na wataligundua. Ama ushuke daima hadi 5 au 0 ya chini, hasara isizidi shilingi 4 kwa risiti, ama uandike 195 au 200 ulale usingizi. Sisi tungezifuta hizo 9.

Marekebisho yawe na mstari wake kwenye risiti. Keshia akisogeza kichwani, mashine inasema 597 na droo ina 595. Jioni hutajua kama upungufu ni wa chenji au wa mkono mrefu.

Swali: Nina ndoo ya senti moja moja za Marekani. Nasikia zimeachwa kutengenezwa. Nizitupe? *(Msomaji, Minneapolis)*

Jibu: Usitupe. Za mwisho za matumizi ya kawaida zilipigwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025, kwa kuwa moja ilikuwa ikigharimu zaidi ya senti 3, lakini bado ni pesa halali. Zifunge 50 kwa kila karatasi ya kuviringishia, uzipeleke benki yako. Mashine za kuhesabia sarafu madukani mara nyingi hukata ada. Ukitaka kukadiria kwa mizani, za baada ya 1982 zina gramu 2.5, yaani kilo moja ni sarafu 400, dola 4. Za kabla ya hapo ni za shaba na zina gramu 3.11, kilo inatoa 321 hivi. Za 1982 yenyewe ziko za aina zote mbili, hizo zihesabu kwa mkono.

Swali: Kwa nini Tanzania ilitoa sarafu ya 500 wakati noti ilikuwapo? *(Msomaji, Morogoro)*

Jibu: Noti ndogo hupita mikono mingi: kwa konda, kwa muuza mchicha, kwenye pindo la khanga. Inachakaa upesi. Sarafu ya 2014, yenye Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, ni chuma kilichopakwa nikeli. Isogezee sumaku uone.