Kulungu anaharibuje pori lake mwenyewe?
Umeuliza iweje kulungu, mnyama wa porini, aharibu pori. Tatizo ni wingi. Angalia nyanda za juu za Uskoti: mbwa mwitu wa kule walimalizwa karne kama tatu zilizopita, kondoo wakajazwa milimani, na wenye mashamba ya uwindaji wanataka kulungu wawe tele. Matokeo yake utakuta misonobari mizee ya miaka 200 na zaidi, chini yake hakuna hata mmoja mchanga. Mche ukichomoza kidogo tu juu ya vichaka, ncha inang'atwa majira ya baridi. Mwakani tena. Unaweza kukaa miaka hivyo, umedumaa magotini. Mizee ikianguka, hakuna wa kurithi.

Uzio husaidia, ila ndege wakubwa wa msituni huugonga wakafa, kwa hiyo mimi siupendi sana. Pale Creag Meagaidh, hifadhi ya milimani huko huko Uskoti, tangu miaka ya 1980, waliondoa kondoo na kupunguza kulungu kwa bunduki, bila kuzungushia uzio. Mibetula, miti ya nchi za baridi, ikaota yenyewe, kwa mbegu zilezile za miti iliyobaki. Kulungu bado wapo, wachache.